Shangazi, Mume Wangu Ameacha Dawa za Hospitali, Sasa Anajitibu kwa Kitunguu Saumu

Shangazi, shikamoo.

Naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijagawanyika. Mume wangu aliumia mguu kazini, kidonda kikaanza kutunga usaha. Nilimbembeleza mpaka akakubali kwenda hospitali. Akasafishwa, akapewa vidonge vya antibiotiki na kuambiwa avimalize vyote. Alivimeza siku chache tu. Alipoona kidonda kinaanza kukauka juu, akavitupia kabatini. Anasema dawa za viwandani zinaharibu ini, na kwamba Mungu alishatupa antibiotiki yetu ardhini.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla hajatia kitu kingine tumboni, anatafuna punje tatu za kitunguu saumu kibichi kwa asali. Usiku anatwanga nyingine, anazibandika juu ya kidonda na kufunga kitambaa hadi asubuhi. Juzi nilimfungua mwenyewe. Ngozi pembeni ya kidonda ilikuwa imeiva kwa wekundu, ina malengelenge. Yeye anafurahi, eti hiyo ni sumu inatoka.

Mwalimu wake ni mama yake, ambaye tunaishi naye. Mama amekata vitunguu maji akavipanga kwenye visahani chumbani kwa watoto ili vivute vijidudu vya mafua. Asubuhi vikishabadilika rangi ananiita: "Njoo uone vilivyonasa." Yeye mwenyewe anatumia dawa ya kuzuia damu isigande tangu alipougua moyo, na sasa kila siku anakunywa glasi ya kitunguu saumu kilichosagwa na limau. Ametengeneza pia chupa kubwa ya punje zilizomenywa, zimezama ndani ya mafuta. Chupa ipo jikoni juu ya meza, na tumeambiwa tuwe tunachota wote, watoto na wakubwa.

Kinachoniumiza ni kwamba nikibisha nashindwa. Mume wangu ana takwimu. Anasema kitunguu saumu kina vitamini C mara nne ya kitunguu maji, kina protini, kina kalisi, na kwamba wanasayansi wamethibitisha kinaua hata bakteria sugu walioshinda dawa za hospitali. Nimejaribu kusoma, nikakuta mengi ya hayo kweli yameandikwa. Sasa mjinga ni nani hapa? Na kama si mimi, nawaambiaje bila kuonekana mkwe mwenye dharau? Mwisho, naomba uniambie vitunguu hivi vina nini hasa ndani yake, maana nimefika mahali sitaki hata kuviona.

Mke wa Mtafuna Saumu

* * *

Marahaba, mwanangu.

Ubishi wa saumu unaweza kusubiri, mguu hauwezi. Kwa hiyo nianze na mambo matatu ya kufanywa leo, ndipo tukae tuzungumze sayansi.

La kwanza ni hayo malengelenge. Si sumu inayotoka, ni ngozi iliyoungua. Kitunguu saumu kilichopondwa kina kemikali kali za salfa, na kikifungwa juu ya ngozi kwa saa kadhaa huichoma kabisa. Madaktari wameshaandika mara nyingi kuhusu watu wazima na watoto wachanga waliopata majeraha ya kuungua kwa namna hiyohiyo, baadhi yao baada ya usiku mmoja tu. Mume wako sasa ana kidonda ndani ya kidonda. Afungue kitambaa, aoshe kwa maji safi yanayotiririka, afunike kwa bandeji safi isiyo na kitu chochote, kisha arudi hospitali akiwa na vidonge vilivyobaki mkononi. Asijianzishie upya pale alipoachia. Aseme ukweli amemeza vingapi na aliacha lini, wao wataamua kama anaendelea, anabadilishiwa au anafanyiwa kipimo cha usaha. Huyo aliyemtibu haoni aibu kusikia habari za saumu, ameshasikia makubwa zaidi. Na wakiwa hapohapo wampime sukari kwenye damu, kwa sababu kidonda cha mguu kinachosuasua mara nyingine ndicho kinachomfichua mtu mwenye kisukari asiyejijua.

La pili ni mama mkwe. Kitunguu saumu hupunguza uwezo wa chembe sahani, zile chembe zinazosaidia damu kuganda, kushikamana. Kwa mtu mzima asiye na dawa yoyote hilo halina shida kubwa. Kwa mama anayemeza warfarini au dawa nyingine ya jamii hiyo, glasi ya saumu mbichi kila siku inaweza kuongezea kazi juu ya kazi, akaanza kuvuja damu kirahisi. Chunguza kama fizi zinatoka damu anapopiga mswaki, kama anapata alama za bluu mwilini bila kujigonga, kama choo ni cheusi kama lami. Ukiona lolote kati ya hayo, hospitali siku hiyohiyo. Usipoona, bado glasi isimame mpaka daktari wake wa moyo aambiwe. Lakini sikiliza vizuri: kinachosimama ni glasi, si dawa ya moyo. Saumu iliyopikwa kwenye mboga kama kiungo haina neno. Tabibu huwaambia hata wagonjwa wanaosubiri upasuaji waache vidonge vya kitunguu saumu mapema, kwa sababu hiyohiyo ya damu. Na kama kuna mtu humo ndani anayetumia dawa nyingine za kila siku, aulize kabla ya kuanza saumu kwa wingi. Utafiti mmoja ulionyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilishusha kiwango cha dawa moja ya kudhibiti VVU, inayoitwa sakwinaviri, kwa karibu nusu.

La tatu ni chupa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mwaga. Usionje kwanza kuangalia kama imeharibika, kwa kuwa sumu ninayoiogopa haina harufu wala ladha. Kuna bakteria aitwaye *Clostridium botulinum* ambaye mbegu zake ngumu hukaa kwenye udongo, na kitunguu saumu hutoka kwenye udongo. Akiwa kwenye hewa hafanyi kitu. Mzamishe ndani ya mafuta ambako hewa haifiki, mahali pasipo na uchachu, kwenye joto la kawaida la jikoni, naye anachipua na kutengeneza moja ya sumu kali kuliko zote tunazozijua. Mwaka 1985, watu 36 waliugua mjini Vancouver, Canada, kutokana na saumu iliyosagwa kwenye mafuta bila kuwekwa kwenye baridi. Mwaka 1989 yakatokea mengine ya aina hiyo jimbo la New York, ndipo serikali ya Marekani ikawalazimisha watengenezaji kuongeza asidi kwenye bidhaa hizo. Mtu akiwa ameshachota humo na akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kumeza au kupumua kwa shida, usisubiri kuche, mkimbize hospitali. Mama akitaka mafuta ya saumu, atengeneze kidogo, yakae ndani ya friji, na yaishe ndani ya siku nne. Inafurahisha kwa namna ya ajabu: familia inayotafuta kuua bakteria ilikuwa inamwandalia mmoja wao makazi.

Sasa tuje kwenye takwimu za mumeo.

Hasemi uongo. Anasema kweli mahali pasipo pake, na ndiyo maana unashindwa kumjibu. Majedwali ya lishe hupima kila chakula kwa gramu 100. Kwa kipimo hicho kitunguu saumu kibichi kina takribani miligramu 31 za vitamini C, kitunguu maji miligramu 7 hivi. Mara nne, kama alivyosema. Protini ni gramu 6 na kitu dhidi ya gramu 1. Kalisi miligramu 181 dhidi ya 23. Kalori 149 dhidi ya 40. Sababu kubwa ya tofauti hizi ni maji tu: karibu asilimia 89 ya kitunguu maji ni maji, wakati saumu ina kama asilimia 59. Ukiondoa maji, kila kitu kinaonekana kingi.

Lakini muulize, nani anakula gramu 100 za saumu? Punje moja ina gramu 3 hivi. Gramu 100 ni punje zaidi ya thelathini! Punje zake tatu za asubuhi zinampa kama miligramu 3 za vitamini C, ilhali mtu mzima anahitaji kati ya 75 na 90 kwa siku. Protini anayopata haifiki hata gramu moja. Kitunguu maji kimoja cha wastani, chenye gramu 110 hivi, kinampa miligramu 8 za vitamini C, kwa hiyo yule maskini wa kwenye jedwali ndiye anayeweka zaidi kwenye sahani, kwa sababu tu tunamla kwa wingi. Saumu ina madini ya manganizi na vitamini B6 kwa kiasi kizuri, na hata punje chache zinachangia kidogo. Ila mtu asikudanganye kwamba saumu ni chakula cha kujengea mwili. Ni kiungo chenye tabia zake.

Jambo ambalo mumeo hajalitaja, na mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote, ni wanga wake. Sehemu kubwa ya wanga wa vitunguu hivi, hasa saumu, si wanga wa kawaida unaogeuka kuwa sukari tumboni. Ni fruktani, minyororo ya sukari ambayo utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya, yaani kichocheo cha kikemikali, cha kuikata. Inapita nzima mpaka utumbo mpana, na huko inaliwa na nani? Na bakteria. Mabilioni ya bakteria wema wanaoishi humo huichachusha na kutoa asidi ndogondogo ambazo hulisha kuta za utumbo wenyewe. Kwa hiyo mzee wako anatafuna saumu akiamini anaua bakteria, kumbe faida mojawapo ya uhakika ya chakula hicho ni kuwalisha. Na gesi inayofuata baadaye ndiyo risiti. Kwa wenye utumbo mwepesi kukasirika, fruktani hizo huleta maumivu na kujaa tumbo, na wengi wao hugundua kwamba vitunguu ndivyo adui wao mkubwa. Wao wana ujanja wao: hukaanga punje nzima kwenye mafuta kisha huzitoa, kwa kuwa fruktani huyeyuka kwenye maji lakini haziyeyuki kwenye mafuta, ladha ikabaki bila maumivu. Yatumike siku hiyohiyo, umeshajua kwa nini.

Kitunguu maji nacho kina sifa yake ambayo saumu haiwezi kuifikia, nayo ni kwesetini, kemikali ya jamii ya rangi za mimea. Vitunguu ni miongoni mwa vyakula vyenye kwesetini nyingi zaidi tunavyokula kila siku. Vyekundu na vya manjano vina nyingi, vyeupe vina kidogo sana, na imejilundika zaidi kwenye tabaka za nje, zilezile ambazo mtu mwenye haraka huzitupa pamoja na ganda. Menya kwa wembamba. Ukivichemsha, sehemu ya kwesetini huhamia kwenye mchuzi, haipotei, ilimradi mchuzi usiumwage. Kama hiyo kwesetini inafanya maajabu yote yanayotangazwa kwenye makopo ya vidonge, hilo mimi siwezi kukuapia, na wala wanaouza makopo hayo wasingepaswa kukuapia.

Haya, kuua bakteria.

Punje nzima ya saumu ambayo haijaguswa haina kabisa kile kinachoua, wala hainuki. Ndani yake kuna kemikali iitwayo aliini, imekaa chumba chake, na kimeng'enya kimekaa chumba kingine. Ni kama njiti na ubavu wa kiberiti: kila kimoja peke yake hakina moto. Ukikata, ukiponda au ukitafuna, kuta zinavunjika, viwili vinakutana, na ndani ya sekunde chache inazaliwa alisini, yenye ile harufu inayokukimbiza chumbani. Alisini ilitambuliwa mwaka 1944 na watafiti Chester Cavallito na John Hays Bailey nchini Marekani, wakaonyesha kwamba inazuia bakteria wa makundi yote mawili makubwa, japo nguvu yake ni sehemu ndogo sana ya nguvu ya penisilini.

Alisini inafanyaje kazi? Inashika vimeng'enya vya bakteria pale penye salfa na kuvivuruga, shughuli za seli yake zinasimama. Tatizo ni kwamba haichagui. Vimeng'enya vya ngozi ya mumeo navyo vina salfa. Kilekile kinachoua bakteria ndicho kilichompandisha malengelenge, na hapo ndipo antibiotiki halisi inapotofautiana nayo, maana dawa nzuri hutafuta kitu ambacho bakteria anacho na binadamu hana. Penisilini hushambulia ujenzi wa ukuta wa bakteria. Sisi hatuna ukuta huo.

Basi tuseme haibandiki, anaitafuna tu. Je, alisini inafika mguuni? Watafiti wamewahi kuwalisha watu gramu 25 za saumu mbichi, yaani kama punje nane kwa mkupuo, kisha wakaitafuta alisini kwenye damu yao kuanzia saa moja baadaye hadi saa 24. Hawakuikuta. Hata ukiichanganya moja kwa moja na damu kwenye chupa, inatoweka ndani ya dakika chache. Mwili unaigeuza kuwa vitu vingine, kimojawapo kikiwa gesi ya salfa inayozunguka na damu na kutokea mapafuni. Ndiyo maana kupiga mswaki hakusaidii: harufu haikai kwenye meno, inatoka ndani kabisa ya kifua. (Akila tofaa bichi au majani ya mnanaa pamoja na saumu, inapungua. Hilo limepimwa.) Kwa hiyo kwenye sahani ya maabara alisini inamwagwa juu ya bakteria uso kwa uso. Kwenye mguu wa mumeo bakteria wako ndani ya nyama, na alisini imeshakufa njiani.

Kumbuka pia kwamba "kinaua bakteria maabara" ni sifa rahisi kuipata. Siki inaua. Sabuni inaua. Jiki inaua vizuri kuliko saumu, na hakuna anayeinywa kwa asali.

Zile habari za bakteria sugu nazo nadhani najua zilikotoka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walifuata maelekezo ya dawa ya macho ya karne ya 10: kitunguu saumu, ndugu yake mwingine wa jamii ya vitunguu, mvinyo na nyongo ya ng'ombe, vyote vikapondwa na kuachwa siku tisa. Mchanganyiko huo uliua kwa kishindo bakteria sugu wa aina ya staphilokokasi, wale waitwao MRSA, kwenye maabara na kwenye vipande vya nyama ya vidonda vya panya. Ni kazi nzuri sana, nami niliifurahia. Lakini walipojaribu kiungo kimojakimoja peke yake hawakupata matokeo yale, na hakuna hata mmoja wao aliyetoka pale akawaambia watu wajifunge saumu miguuni. Walichokifungua ni mlango wa kutafuta dawa mpya. Hata wale mababu wa karne ya 10 hawakubandika punje tupu na kitambaa.

Kuhusu visahani vya mama chumbani kwa watoto, nitapita haraka. Kitunguu maji hakina hata makali ya saumu. Kikikatwa, kemikali zake hufuata njia nyingine: kuna kimeng'enya cha pili, kilichogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 2002, kinachozigeuza kuwa ile gesi inayotutoa machozi. Hakina pumzi ya kuvuta kirusi kutoka hewani. Mafua yanatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa matone ya chafya na mikono. Rangi inabadilika kwa sababu kitunguu kilichokatwa kinakauka na kukutana na hewa, na kingebadilika hivyohivyo hata kwenye chumba kisicho na mtu. Imani hii ilitoka zama ambazo watu waliamini tauni husababishwa na hewa mbaya. Haidhuru watoto, inapoteza vitunguu tu. Na kama mama atauliza kuhusu saumu na mafua, mjibu kwa haki: upo utafiti mmoja wa watu 146 ambao waliomeza vidonge vya saumu kwa wiki 12 waliripoti mafua mara 24, wasiomeza wakaripoti mara 65. Inavutia, lakini utafiti mmoja mdogo unaotegemea watu kujiripoti wenyewe hautoshi. Na lilipokuja suala la korona mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba saumu ni chakula chenye afya, ila hakuna ushahidi kwamba inakinga.

Sasa namna ya kusema, maana najua hapo ndipo palipokuuma hasa.

Usiitukane saumu. Ukisema "upuuzi huo", umemtukana mama na kumlazimisha mume achague upande, naye atachagua wa mama yake, na hata mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Anza na anachokijua. Mwambie: "Baba nanihii, nimesoma zaidi, na ni kweli kinaua bakteria. Ila nimekuta kinachoma ngozi na hakifiki ndani ya nyama. Twende wakuangalie, kisha uendelee kukila kwenye chakula." Usimwombe akiri kwamba alikosea. Mwombe mguu tu. Mkifika kwa tabibu, wewe nyamaza, acha bandeji ifunguliwe na malengelenge yajieleze. Na hiyo hofu yake ya ini aiseme mbele ya tabibu. Ni swali halali, baadhi ya dawa kweli hulichosha ini, na anastahili jibu kuhusu dawa yake mahususi badala ya kubaki na minong'ono.

Habari ya chupa na ya glasi, mume wako ndiye azipeleke kwa mama yake, baada ya kutoka hospitali. Maneno yaleyale yakitoka kwako ni dharau, yakitoka kwa mwanawe ni upendo. Chupa lakini usiisubiri safari hiyo. Iingie kwenye takataka leo, mama akiuliza sema ukweli kwamba umesoma imewahi kulaza watu hospitali na umewaogopea watoto. Bibi yeyote anaelewa hofu hiyo. Kwa upande wa glasi, ongozana naye kliniki yake ya moyo, umwache amweleze daktari mwenyewe anachokunywa, kwa fahari yake yote.

Halafu mpe mama jiko. Huyu ni mtu anayetaka kuwatunza, na saumu ndiyo lugha yake. Mwombe awe ndiye msimamizi wa viungo: aponde saumu, aiache kama dakika kumi kabla ya kuitia kwenye moto, kwa kuwa moto huua kile kimeng'enya na ukiwahi sana alisini haizaliwi. Aitie mwishoni mwishoni mwa mapishi. Vile vitunguu vya visahani vikatwe jioni na viishie kwenye sufuria. Mume naye akitaka punje mbichi, ale moja pamoja na chakula, si tatu tumbo likiwa tupu, maana akiendelea hivyo kiungulia kitamfuata, kama hakijamfika tayari na anakuficha.

Akikataa kabisa kwenda, mpe hadi kesho, si zaidi. Ila ukiona wekundu unapanda juu ya mguu, mistari myekundu, uvimbe, usaha unaonuka, homa au kutetemeka, hapo mazungumzo yamekwisha. Ita jamaa anayemheshimu, tafuteni usafiri, mpelekeni usiku huohuo.

Shangazi